Namba tasa kubwa kuliko zote haipo

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu namba tasa (isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe) iliyogunduliwa Oktoba 2024 ilinifurahisha, maana hesabu haipati nafasi gazetini kila siku. Ila kichwa chake kilisema imepatikana "namba tasa kubwa kuliko zote". Hiyo haipo wala haitapatikana. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita Euclid, mwanahisabati Mgiriki, alishaonyesha kuwa namba tasa hazina mwisho. Hii ni kubwa kuliko zote zinazojulikana, na hilo neno mlilolidondosha ndilo lililobeba habari nzima.

Namba yenyewe ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841, ukatoa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Iliyoshikilia rekodi kabla yake, tangu 2018, ina kipeo cha 82,589,933. Sasa tazameni katikati yao. Mwaka 1852 mwanahisabati Mrusi, Chebyshev, alithibitisha kwamba ukichukua namba yoyote inayozidi 1, kati yake na maradufu yake hapakosi namba tasa. Kutoka rekodi ya zamani hadi mpya unarudufu takriban mara milioni 53.7. Basi humo zimejificha namba tasa zaidi ya milioni 53 (kwa kweli ni nyingi mno kuliko hapo), na rekodi ilipovunjwa hakuna aliyekuwa anaijua hata moja!

Mbona hii ikaonekana na zile hazikuonekana? Kwa sababu namba za umbo hili (2 kwa kipeo fulani, ukatoa 1), ziitwazo za Mersenne, zina kipimo cha mkato kilichoachwa na mwanahisabati Lucas, kisha mwingine, Lehmer, akakirahisisha. Jaribuni kwa 31, yaani 2 kwa kipeo cha 5, ukatoa 1. Anza na 4, izidishe kwa yenyewe, toa 2: unapata 14. Rudia: 194, ambayo ukiigawa kwa 31 inabaki 8. Rudia tena kwa hiyo 8: unapata 62, ukiigawa kwa 31 baki ni 0. Ukiangukia sifuri katika hatua iliyo pungufu ya kipeo kwa mbili, namba ni tasa. Kwa 31 hatua ni tatu. Kwa jitu hili zinapita milioni 136, ndiyo maana kazi iliachiwa kompyuta.

Makala iliongeza kuwa namba hii "italinda akaunti za benki". Hapana. Namba tasa za kazi hiyo huwa na tarakimu mia kadhaa tu, na hufichwa. Hii imetangazwa dunia nzima. Ni kama kufunga mlango kisha ukauning'iniza ufunguo kwenye kitasa.

Tena mliandika kwamba inaishia na 7. Ukizidisha 2 kwa 2 tena na tena, tarakimu za mwisho huzunguka 2, 4, 8, 6, kisha zinaanza upya. Gawanyeni 136,279,841 kwa 4: baki ni 1, kwa hiyo 2 kwa kipeo hicho inaishia na 2. Toeni 1. Inaishia na 1.

Mwalimu mstaafu wa hesabu