Barua ya Wazi kwa Maafisa Utamaduni Wapya

Wanangu mlioajiriwa juzi,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Sasa kaeni, maana mzee wenu nina donge rohoni.

Majuzi nilialikwa kwenye ziara ya kiongozi katika wilaya moja ambayo sitaitaja. Wazee wa ngoma ya mganda walifika saa mbili asubuhi, kaptula nyeupe, mashati meupe yaliyopigwa pasi mpaka mkunjo unaweza kukata kidole. Msafara ukaingia saa nane mchana. Afisa utamaduni, kijana mwenye shahada, akawaendea mbio: "Wazee, dakika tatu tu, ratiba imebana." Walipomaliza dakika zao, msanii kutoka mjini akapanda jukwaani, akaimba nyimbo nne juu ya muziki uliorekodiwa. Wale wazee walirudi kwao juu ya fuso, mashati yamelowa jasho la kusubiri.

Nilipomvuta kijana pembeni, akanieleza kwa upole kabisa kwamba wizara ya utamaduni ni ya siku hizi, imeletwa na Bongo Fleva. Sikumjibu. Ila tangu siku hiyo silali vizuri.

Sikilizeni. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja tu baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alisimama bungeni akatangaza kwamba ameunda wizara mpya, Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Barabara hazikuwepo, madaktari walikuwa wa kuhesabika, naye akatoa kiti kizima cha uwaziri kwa ajili ya ngoma na lugha. Alilalamika kwamba shuleni tulifundishwa nyimbo za Wazungu, si za Wanyamwezi wala Wahehe. Rumba, chachacha na twisti tunazijua, lakini ni wangapi wanaojua ngoma zetu za gombe sugu au lelemama? Na msinibandike uzee: hotuba hiyohiyo ilisema taifa linalokataa kujifunza kwa wengine ni taifa la wendawazimu. Waziri wa kwanza alikuwa Lawi Nangwanda Sijaona. Lishikeni jina hilo. Ni aibu afisa utamaduni kumjua kocha wa kila timu ya ligi kuu na asimjue huyu.

Kiti chenyewe hakikukaa sana. Katikati ya miaka ya 1960 utamaduni ulikuwa umeshawekwa chini ya mwavuli mmoja na Maendeleo ya Jamii. Mwaka 1974 Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ikarudi, akapewa Meja Jenerali Mrisho Sarakikya, aliyekuwa ametoka kuwa Mkuu wa Majeshi. Baadaye katika wizara hiyo ikaja Habari, ikaja Michezo, Vijana wakaingia na kutoka. Mwaka 2015 jina lilibeba neno "Wasanii", halafu likawa "Sanaa". Septemba 2021 Habari ikahamishiwa wizara nyingine, Desemba 2024 ikarudishwa. Utamaduni umeishi kama mpangaji: kila mwenye nyumba akibadilika, vyombo vinatolewa nje.

Na wenye kiti? Kuanzia Desemba 2020 hadi Desemba 2024 walikuwa mawaziri watano: Bashungwa, Mchengerwa, Chana, Ndumbaro, Kabudi. Siwalaumu wao. Ila hesabuni wenyewe mtu anapata muda gani wa kujua hata majina ya ngoma za mkoa mmoja, tena akiwa na mpira wa miguu unaompigia kelele kila Jumamosi. Sisi wananchi nasi tuna lawama yetu. Timu ya taifa ikifungwa tunamtafuta waziri. Fundi wa mwisho wa marimba kijijini akifa, nani humtafuta waziri?

Hapa ndipo ninapotaka mnisikie vizuri. Wizara ikihama, faili hazihami. Miaka ya 1980, nikiwa afisa utamaduni kama ninyi, nilizunguka vijiji na redio kaseti ya wilaya, nikirekodi nyimbo za mavuno, za jando, za kubembeleza watoto. Nilijaza boksi la sabuni, kanda zaidi ya 60, kila moja nimeandika kwa peni jina la kijiji na la mwimbaji. Ofisi ikaja kuunganishwa na nyingine, ikahamishiwa jengo jingine. Mimi nilikuwa safarini. Niliporudi nilikuta chumba changu kimekuwa stoo ya mbolea. Boksi? Mhudumu akaniambia kanda waligawana, watu wamerekodia taarabu na mahubiri. Nilicheka, jamani, ningefanya nini? Lakini bibi mmoja aliyeniimbia wimbo wa kusaga mtama alikuwa ameshafariki, na mjukuu wake alikuja kuniomba sauti yake. Nikamwambia arudi kesho. Nilimwambia hivyo mara mbili, mpaka akaacha kuja.

Kwa hiyo msiache kumbukumbu mikononi mwa ofisi. Rekodini, wekeni nakala tatu, moja ikae na mwenye ngoma mwenyewe. Mna simu mfukoni inayoshinda mitambo yote niliyowahi kuililia kwenye bajeti.

Mengine kwa kifupi. Someni Sera ya Utamaduni ya 1997. Jueni BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ni ya 1967 na sheria ya BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ni ya 1984, ili mtu asiwapotoshe kikaoni. Mwajiri wenu ni halmashauri, si waziri, basi pigeni hodi kwa mkurugenzi kabla bajeti haijafungwa. Kikundi kikicheza, kilipwe siku hiyohiyo. Soda na biskuti si malipo.

Na msije mkageuka polisi wa sketi. Kazi hiyo ilishajaribiwa: Januari 1969 vijana wa TANU, chama tawala cha wakati ule, waliingia mitaani Dar es Salaam na Operesheni Vijana, wakiwafukuza wasichana waliovaa mini na mawigi. Mawigi yalirudi. Lelemama imekwenda wapi?

Yule kijana wa dakika tatu, najua utasoma hapa. Sina ugomvi nawe, mwanangu, una adabu na una bidii, hukufundishwa tu. Kiongozi wa wale wazee wa mganda bado ana nguvu, lakini macho yameanza kumtupa. Nenda kwake Jumapili baada ya ibada, usiende na ratiba. Kisha pitia kwangu. Zimebaki kanda mbili nilizokuwa nazo nyumbani siku ile. Njoo na redio yako, yangu inameza utepe.

Mzee wenu, afisa utamaduni mstaafu