YAH: Kidhibiti chaji chenye lebo ya MPPT kisichofanya kazi ya MPPT

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Nilinunua kwenu kidhibiti chaji cha sola cha ampea 20 kilichoandikwa MPPT usoni kwa herufi kubwa, yaani aina inayovuna nguvu yote ambayo paneli inaweza kutoa. Wiki mbili mfululizo betri imekuwa ikifika jioni haijashiba, hivyo nikachukua mita na kupima mwenyewe.

Paneli yangu ni ya wati 200. Kibandiko chake kinasema volti 36 na ampea 5.55 kwenye jua kamili. Betri ni ya volti 12. Nilipima saa sita mchana, jua la utosi, vifaa vyote vimezimwa, na betri ilikuwa imeamkia volti 12.1, yaani ina njaa hasa. Kwa hiyo msiniambie ilikuwa imejaa ikakataa chaji. Waya unaotoka kwenye paneli ulikuwa na ampea 5.4. Waya unaokwenda kwenye betri nao ampea 5.4. Volti za paneli zilikuwa zimeburutwa hadi 13.5, na betri ilikuwa 13.2.

Hapo betri inapokea wati 71 tu. MPPT ya kweli huiacha paneli ifanye kazi kwenye volti zake za juu, kisha hugeuza volti za ziada kuwa ampea. Hata nikitoa upotevu, na hata nikikumbuka kwamba paneli ikipata joto volti zake hupungua, betri ilipaswa kupata ampea 12 au 13. Mkondo unaoingia ukilingana na unaotoka, na volti za paneli zikashikwa na betri, hicho ni kidhibiti cha PWM, aina isiyogeuza volti za ziada kuwa ampea, kilichobandikwa lebo ya mwenzake. Wepesi wake ulinitia shaka tangu siku ya kwanza: koili ya MPPT ina uzito.

Nilipopiga simu niliambiwa mita yangu ni mbovu. Mita hiyo ni ya kubana waya na inapima DC (mkondo wa paneli na betri), si ile ya AC (umeme wa gridi) tupu, na niliirudisha sifuri kabla ya kila kipimo. Hata hivyo nilihakikisha kwa njia nyingine. Shanti, yaani kipande cha kupimia mkondo kinachotoa milivolti 75 ampea 50 zikipita, niliyoifunga kwenye waya hasi wa betri, ilitoa milivolti 8.1. Pigeni hesabu, ni ampea 5.4 zilezile.

Kibaya zaidi, mhudumu wenu alinishauri niweke malitimita kwenye ampea kisha niguse ncha zote mbili za betri. Huko si kupima, ni kupiga shoti! Mita ya ampea hukaa ndani ya njia ya mkondo, waya ukikatwa na mita kuunganishwa katikati. Mteja asiyejua angeunguza fyuzi ya mita akiwa na bahati, na vidole akiwa hana.

Naomba mnirudishie fedha zangu zote au mnipe MPPT halisi ndani ya siku 14, na gharama za usafirishaji ziwe juu yenu. Sijakifungua, kibandiko cha dhamana kiko palepale. Picha za vipimo vyote vitatu, pamoja na risiti, nimeziambatanisha. Na huyo mhudumu, tafadhali mfundisheni kabla hajapokea simu nyingine.

Wenu,
Mteja