Wauza nyaya Kariakoo, mwambieni mteja ukweli

Mhariri,

Kwenye meza za vifaa vya umeme Kariakoo kuna waya ambao haufai kuuzwa bila maelezo: upande huu kichwa cha HDMI, upande ule vichwa vitatu vya AV, njano, nyeupe na nyekundu. Anayeununua ana deki mpya ya Blu-ray au boksi la Android, na nyumbani ana runinga bapa ya zamani ambayo tundu lake la HDMI limekufa au halikuwapo tangu mwanzo. Anachomeka, kioo cheusi. Anaambiwa runinga ndiyo mbovu, anunue nyingine.

Runinga haina kosa. HDMI hutoa picha ya dijitali, tundu la njano linataka ya analojia, na ndani ya waya huo hamna kitu cha kugeuza hii kuwa ile. Ni shaba tu.

Kinachotakiwa ni konveta, kiboksi cha plastiki kinachoenea kiganjani, kimeandikwa HDMI2AV. Kisomeni kabla ya kulipa, maana pacha wake ameandikwa AV2HDMI na kazi yake ni kinyume: hupeleka picha ya deki ya zamani kwenye runinga mpya. Hakigeuziki ukikiunga nyuma mbele. Kinataka pia volti 5 kupitia tundu lake dogo la USB; kipe chaja ya simu, kwa sababu umeme unaopita kwenye HDMI yenyewe ni haba na picha itakuwa inakatika. Ubavuni kina swichi ya PAL na NTSC, mifumo miwili ya picha za analojia. Huku kwetu ni PAL, ila runinga iliyoletwa kutoka Marekani huenda ikataka NTSC. Picha ikitoka nyeusi na nyeupe au ikipanda na kushuka, sogeza swichi. (Na hiyo ya Marekani, soma kwanza kibandiko cha nyuma: nyingine ni za volti 120 tu. Ukiichomeka ukutani bila transfoma, umeiua.)

Njia ya njano hushusha picha hadi ubora wa king'amuzi cha kawaida. Kama runinga ina matundu ya kijani, bluu na nyekundu, tafuta konveta ya matundu hayo. Yenyewe hufikisha 720p au 1080i, viwango vya picha safi (HD). Hapo ndipo watu wengi hukwama, kwa sababu kunakuwa na vichwa viwili vyekundu, kimoja cha picha na kingine cha sauti. Ukivibadilisha, rangi zinaharibika na spika ya kulia inanguruma. Ukiona picha safi lakini haina rangi kabisa, ujue kijani peke yake ndicho kinachofika: mwanga wote wa picha hupita humo, bluu na nyekundu huleta rangi tu. Katika runinga nyingi kijani hicho hutumika pia kama tundu la njano, kwa hiyo chagua kwa rimoti ingizo lenye jina sahihi.

Kuna jambo ambalo hata konveta nzuri hailimalizi. Menyu inaonekana, filamu ikianza kioo kinakuwa cheusi. Hiyo ni HDCP, kufuli ya hakimiliki: deki huuliza kifaa kilicho mbele yake kama kina ufunguo, kikikosa haitoi filamu. Wala usihangaike kutafuta deki mpya ya Blu-ray yenye tundu la njano. Masharti ya leseni ya diski hizo yalizitaka deki zilizoundwa baada ya 31 Desemba 2010 zisitoe HD kwa analojia, na baada ya 31 Desemba 2013 zisitoe picha ya diski hizo kwa analojia hata kidogo.

Runinga yenye HDMI nzima nayo huwa na vituko vyake. Zile zenye nembo ya HD ready zililazimika kupokea 720p na 1080i, basi. 1080p, kiwango cha juu zaidi, hazikulazimika, na nyingi huikataa. Boksi lililokuwa kwenye runinga ya 4K likihamishiwa hapo linaweza kutoa giza. Lirudishe kwenye runinga mpya, ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua 720p au 1080i, ndipo ulihamishe. Kwa deki ya Blu-ray zima pia 24Hz, yaani picha 24 kwa sekunde. Picha ipo lakini sauti hakuna? Kwenye mipangilio ya sauti ya deki au boksi, badili kutoka Bitstream (sauti iliyofungwa) kwenda PCM (iliyofunguliwa), kwa kuwa runinga ya zamani huenda haielewi Dolby, aina mojawapo ya sauti iliyofungwa. Na kama tundu la runinga ni DVI, tundu la picha kama la kompyuta, usitegemee sauti ipite humo. Ichukue kwenye deki kwa waya wake.

Umeme ukikatika na kurudi, boksi na runinga huwaka kwa pamoja, na boksi likiwahi kuuliza runinga inapokea picha gani kabla haijaamka, halipati jibu. Chomoa boksi, acha runinga iwake mpaka mwisho, kisha lichomeke. Kariri utaratibu huo kabla hujamwita fundi.

Ombi letu kwa wenye maduka ni dogo. Wekeni runinga moja ya zamani kaunta, hata ya inchi 19, mchomeke konveta mbele ya mteja kwa dakika tano, na filamu ichezwe, msiishie kwenye menyu. Ule waya wa vichwa vitatu uondoeni mezani.

Mafundi runinga,
Kariakoo, Dar es Salaam