Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Marangu

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango,

Shughuli za mwaka mnazijua, sitawachosha. Mfongo, mfereji wetu wa asili wa maji, ulisafishwa kabla ya masika na baada yake. Matembezi ya maporomoko ya Kinukamori yalifanyika, na ya kwenda kwenye mapango walikojificha babu zetu wakati wa vita yalifanyika. Ya Mei yaliahirishwa kwa tope. Wahunzi wa Mamba walitupokea vizuri. Wazee wanne wamerekodiwa wakisimulia habari za kahawa walizosikia kwa baba zao, tangu KNPA, chama cha wakulima wa Kilimanjaro cha 1925, hadi KNCU, chama cha ushirika cha 1933. Simu iliyotumika kurekodi ni yangu, na vocha ni zangu. Nalitaja hili kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Kuhusu njia ya Nusu Maili, ule ukanda wa msitu juu ya vijiji vyetu, nimesikia maneno kwamba mwenyekiti anaogopa kuvusha watu. Ukanda ule ulitengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na majani ya mifugo, lakini tangu msitu uingizwe ndani ya Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 hatupiti bila kibali. Anayetaka kupita aende akakiombe, nitamsindikiza hadi getini.

Sasa nije kwenye kibao.

Mkutano wa mwaka jana uliazimia tuweke kibao pale njia yetu inapoanzia, kieleze safari ya 1889 ya kupanda Mlima Kilimanjaro. Maneno yaliyopendekezwa yalisema Mzee Yohani Kinyala Lauwo alikuwa mtu wa kwanza kufika Kibo, kilele cha juu cha mlima huo. Nilipoyaona kwa fundi wa maandishi nilimwambia asimame, nikaandika mengine. Kwa hilo nimeitwa majina mengi kwenye kundi letu la WhatsApp, na mwanachama mmoja, ambaye ada yake ya mwaka juzi bado tunaisubiri, ameandika kwamba nimewauzia Wajerumani mlima.

Nimefundisha historia shuleni hadi nikastaafu, kwa hiyo mniruhusu. Mjerumani Hans Meyer alijaribu mwaka 1887, barafu ikamrudisha. Mwaka 1888 alirudi, akakamatwa na watu wa Abushiri, aliyewapinga Wajerumani pwani, akalipiwa fidia. Mwaka 1889 akaja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima wa Austria, wakapokelewa hapahapa Marangu kwa Mangi, yaani chifu, Marealle. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kreta wakashuka, na tarehe 6 wakafika juu kabisa. Meyer mwenyewe aliandika kwamba kileleni walikuwa wawili. Aliyemtaja kubaki nao kwenye kambi ya juu ni Mwini Amani, mtu wa Pangani.

Je, Mzungu anaweza kuficha jina la aliyemwonyesha njia? Anaweza sana, na mara nyingi walificha. Ndiyo maana sikulifuta jina la Mzee Lauwo, kama inavyovumishwa. Masimulizi tunayo: kijana aliyekuwa akikwepa kazi ya barabara, akapelekwa kwa Mangi, na wazee wakamchagua awe kiongozi wa wageni. Zilipofika sherehe za miaka 100, mwaka 1989, aliheshimiwa hadharani, na alifariki mwaka 1996. Kibao kinasema hivi: “Kinyala Lauwo, kijana wa Marangu, anakumbukwa kuwa ndiye aliyeongoza msafara.” Nani amedharauliwa hapo? Kuongoza wageni kwenye baridi ile bila koti wala viatu vya maana ni heshima tosha, haihitaji kuongezewa chumvi. Mtalii akisoma tulichokiandika, kisha akafungua kitabu cha Meyer akakuta jambo jingine, hatatuamini tena hata tukimweleza habari ya mifongo, na mifongo anaiona kwa macho.

Lililowaudhi zaidi, najua, ni mstari wa mwisho unaomtaja Mwini Amani. Nimeulizwa, “Mtu wa Pangani anatafuta nini kwenye kibao chetu?” Anatafuta alichokitafuta kule juu wakati wenzake wamekwisha rudi chini: alilinda kambi. Mstari huo hautafutwa nikiwa mwenyekiti. Na wanaosema nilipaswa kuitisha mkutano kwanza, niliitisha. Walikuja watu sita, wawili wakaondoka kwenda msibani kabla ya dua ya kufungua. Akidi haikutimia, rangi ilikuwa inakauka kwenye kopo, na fundi alikuwa anadai. Mbao zenyewe zimetoka kihambani kwangu, shambani pa nyumbani, sikudai hata senti.

Hapo ndipo ugonjwa wetu ulipo. Desemba barabara ya kutoka Himo haipitiki kwa magari ya watoto wetu wanaorudi kula sikukuu, kila mtu anaimba historia ya kijiji mbele ya kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Siku ya matembezi yenyewe tulikuwa kumi na mmoja, na watatu kati yao ni wageni wa jirani yangu. Wanachama ni 87, waliolipa ada ya shilingi 20,000 ni 31, yaani shilingi 620,000. Pamoja na michango ya walioko Dar es Salaam na Arusha tumepata 1,840,000, tumetumia 1,715,000, imebaki 125,000. Mchanganuo anao mhazini. Nawaomba msimuulize mmoja mmoja njiani akitoka sokoni.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akitujalia na hali ikiruhusu, kuendelea kurekodi wazee, kupanda miche ya asili kando ya mfongo, na kuangalia uwezekano wa kupata chumba cha kuhifadhi vitu vya kale. Kuna mtu ameahidi mabati. Tutamkumbusha.

Uchaguzi uko kwenye ajenda namba saba. Anayetaka kiti hiki achukue fomu kwa katibu, lakini katiba yetu iko wazi: mgombea awe amelipa ada. Daftari la mhazini liko wazi mezani hadi saa nane.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti