Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tupandishe Boa kwa Kalenda ya Nairobi

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha mweka hazina amekwisha kuwasambazia, nami sina la kuongeza ila kuwakumbusha wanaodaiwa ada walipe. Nafasi hii nitaitumia kuzungumzia uzazi wa boa, hawa nyoka wakubwa tunaowafuga, maana ndilo jambo lililotukosesha usingizi mwaka mzima.

Majike waliopandishwa walikuwa wengi, waliozaa wachache, na baadhi yao walitoa mayai mabovu ya manjano yasiyorutubishwa, pasipo mtoto hata mmoja. Lawama zimetupiwa madume, panya wa kulisha, hata waliotuuzia nyoka. Nimewatembelea wengi wenu, na kwa maoni yangu chanzo kikubwa ni kalenda. Miongozo tunayoifuata iliandikwa Ulaya na Marekani, ambako baridi huingia Novemba na kutoka Februari. Basi Novemba tunahangaika kupoza vizimba ili boa wapandane, wakati Nairobi ina joto la kutosha, halafu Julai, baridi yenyewe inapotufikia bure, tunaongeza taa kuifukuza.

Boa asili yake ni Amerika ya Kusini na ya Kati, na wengi tunaofuga wana damu ya Kolombia, nchi inayopitiwa na ikweta kama yetu. Huko hakuna majira ya theluji. Kinachomwamsha hamu ya kupandana ni usiku kupoa kiasi huku mchana akibaki na pa kuota joto: kona moja nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, upande wa pili kama 26, na usiku joto lishuke hadi 21 au 22 kwa wiki kadhaa. Lisishuke chini ya 20. Nyumba zetu za mawe hazina joto la ndani, na usiku wa Julai huko Limuru au Ngong chumba hupoa kupita kiasi. Ukimkuta nyoka amepanua mdomo na ute unamtoka puani, ujue mapafu yameshaingiliwa. Na tafadhali, asiwepo wa kuingiza jiko la makaa chumbani stima ikipotea. Moshi usioonekana utammaliza mwenye nyumba kabla ya nyoka. Afadhali inverta ndogo, au chupa za maji moto zilizofungwa kwa taulo.

Suala la mwanga limeleta ubishi usio na kiasi. Wapo wanaozima taa ili siku iwe ya saa nane, kwa kuwa imeandikwa hivyo. Hapa kwetu tofauti ya siku ndefu na siku fupi haifiki hata robo saa kwa mwaka mzima. Sisemi kupunguza taa ni dhambi, ila nisingeanzia hapo. Ningeanza na joto la usiku, kisha unyevu.

Tukifuata hali yetu ya hewa, dume aingizwe kwa jike mwezi wa Juni. Jike akipevusha mayai Septemba au Oktoba, mtaona katikati ya mwili pamevimba kana kwamba amemeza panya mkubwa, na uvimbe huo hautadumu. Wiki mbili tatu baadaye atajivua gamba. Siku hiyo iandikeni ukutani! Kuanzia hapo hesabuni siku 100 hadi 120. Boa hatagi mayai na kuyazungushia mwili kama chatu wetu. Anazaa watoto walio hai, kwa hiyo joto la mimba yote analitafuta kwa mwili wake mwenyewe, na kizimba kisipompa nafasi ya kuchagua, watoto ndio wanaoumia.

Kwa mwanachama mmoja wa Kasarani nilimkuta jike amelala kiubavu, tumbo amelielekeza kwenye taa, magamba ya nyuma yametanuka hadi ngozi katikati yake inaonekana. Hakuwa mgonjwa, alikuwa anawaotesha watoto joto. Kilichonitisha ni kihisi cha themostati, yaani kifaa kinachodhibiti joto la kizimba, kilichobandikwa juu kwenye kioo, mbali kabisa na mkeka wa joto. Juu palisoma vizuri, lakini sakafuni mkono haukukalika. Joto la kupita kiasi huua watoto tumboni au huwatoa wakiwa na uti wa mgongo uliopinda. Kihisi kikae pale nyoka anapolala.

Watoto wa kalenda hii watazaliwa karibu na Januari au Februari, na hapo ndipo tutakapopata kazi, kwa sababu ndiyo miezi mikavu. Mtoto hujivua gamba mara ya kwanza ndani ya wiki mbili hivi, na hewa ikiwa kavu gamba hubaki vipande vipande machoni na mkiani. Wekeni bakuli pana la maji na kisanduku chenye kuvumwani iliyolowa, ile mimea laini ya kijani iotayo mitini, ila hewa ipite, kwa sababu unyevu uliokwama huozesha magamba ya tumbo.

Kuhusu majike wanene nitasema kwa kifupi: unene si utayari. Jike wa miaka minne mwenye misuli humshinda wa miaka miwili aliyeshindiliwa panya.

Upande wa sheria, boa wote wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, na yule wa Argentina yuko Kiambatisho cha Kwanza, chenye masharti makali zaidi. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inataka kibali, kwa hiyo watoto waandikishwe kabla ya kubadilishana mikono. Waliozidi wasiachiliwe kwenye msitu wa Karura wala wa Ngong. Kisiwa cha Aruba kiligundua boa wa kigeni porini mwaka 1999 na mpaka leo hakijawamaliza.

Wanaopanga kupandisha Juni wampe katibu majina kabla ya mwisho wa Aprili, pamoja na kipimo cha joto la usiku chumbani mwao. Vipimajoto vya kuazima vipo ofisini.

Mwenyekiti