Risala ya Wanafunzi wa Kikundi cha Sayansi ya Dawa kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mlezi, walimu wetu na wageni waalikwa,

Kwa niaba ya wenzangu, nakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu na kwa kutusikiliza kwenye kila meza ya maonyesho.

Mgeni Rasmi, tunajifunza kuhusu maada zinazoachia dawa zikipewa umeme kidogo, kisha zikaoza zenyewe mwilini. Kidonge kikishamezwa, hakuna wa kukiamuru. Dawa huenea mwili mzima, hata pasipoihitaji.

Mwaka 1977 wanasayansi Shirakawa, MacDiarmid na Heeger walionyesha kwamba polima, yaani maada ya minyororo mirefu ya molekuli kama plastiki, inaweza kupitisha umeme vizuri, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000. Polima mojawapo ya jamii hiyo, polipiroli, hutengenezwa ikiwa na chaji chanya, hivyo hushika dawa yenye chaji hasi, kama deksamethasoni fosfati inayotuliza uvimbe. Ikipewa volti hasi, chaji yake hupungua na dawa huachiwa. Volti nazo zina mpaka: zikipita 1.23, maji yanaweza kuanza kuchanganuka kuwa gesi, jambo la hatari ndani ya mwili.

Ugumu mkubwa, kwa maoni yetu, hauko kwenye umeme. Polipiroli haiozi. Dawa ikiisha, mgonjwa hubaki na mzigo mwilini au hurudi kupasuliwa, naye alishaumia vya kutosha. Ndiyo maana watafiti huunganisha vipande vifupi vya kemikali iitwayo anilini, vinavyopitisha umeme, kwa viungo vya esta, aina ya vifungo vya kemikali ambavyo maji huvikata polepole. Lakini kila sehemu inayoozeshwa kwa urahisi hudhoofisha upitishaji wa umeme, na polima ikianza kuvunjika, dawa iliyosalia huvuja bila amri. Tena kuna swali zito zaidi: vipande vinavyobaki vinakwenda wapi? Figo zinavitoa, au vinajikusanya na kuwa sumu?

Swali hilo halijibiwi kwa jaribio la wiki moja. Kwa hiyo, Mgeni Rasmi, pamoja na kifaa cha kudhibiti volti, tunaomba ututafutie wafadhili watakaokubali kugharimia majaribio marefu ya uozaji, hata kama kwa miezi mingi hatutakuwa na matokeo ya kuwaonyesha. Tunaomba pia utuunganishe na wataalamu wa sumu, kwani kikundi chetu hakina hata mmoja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.