Mabosi acheni kugombeza watu kwenye grupu la WhatsApp

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na mabosi, mameneja na masupavaiza wenzangu, hasa wa makampuni binafsi, kuhusu hii tabia ya kumgombeza mfanyakazi kwenye grupu la WhatsApp la kazini. Mimi ni supavaiza wa godauni hapa Dar, nina watu chini yangu na nina mabosi juu yangu kwa hiyo naiona kotekote, na nasema kwa uchungu kabisa hii kitu inaharibu kazi kuliko huo uvivu ambao kila siku mabosi wanaulalamikia.

Unakuta mtu kakosea hesabu ya mzigo, bosi badala ya kumpigia au kumwita pembeni anapiga picha ile karatasi anairusha grupuni saa nne usiku, wanaona wahasibu, wanaona madereva, wanaona vijana wa mauzo walioko Mbeya huko ambao hata hawahusiki, alafu chini anaandika nani kafanya huu upuuzi, watu wa namna hii ndio tunawalipa mshahara. Basi zinaanza kushuka zile "sawa mkuu", "kopi bosi", na usipojibu unaulizwa kwanini umesoma hujajibu. Kuna dereva mmoja mtu mzima ana wajukuu, aliambiwa grupuni kwamba hana akili, na aliyemwambia ni kijana wa kumzaa kabisa, na kesho yake asubuhi yule kijana kampita getini hata shikamoo hakuna. Yule mzee hakusema kitu. Ila tangu siku ile gari likianza kutoa mlio usioeleweka hasemi, analiendesha hivyo hivyo mpaka lizime njiani, maana akisema ataulizwa umelifanya nini.

Na hapo ndipo mabosi wengi hawaelewi. Ukimdhalilisha mtu mmoja mbele ya wengine haujamfundisha yeye tu, umewafundisha wote waliokuwa wanasoma kwamba habari mbaya usiwe wewe wa kuileta. Sehemu moja niliyowahi kufanya kazi chumba cha baridi kilianza kupoteza ubaridi wikiendi, mlinzi aliona, kijana wa stoo aliona, wote wakanyamaza kwasababu wiki chache nyuma mwenzao alipiga simu usiku kuripoti hitilafu ikaonekana ni swichi tu akachambwa grupuni kama mtoto. Jumatatu wanafungua, kuku wote wameharibika. Bosi akaja juu, kwanini hamkusema, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumwambia kwanini.

Mhariri, mwaka 2013 serikali yetu na JICA, lile shirika la misaada la Japani, walianza mradi wa kufundisha kaizen, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo kila siku, kwenye viwanda vyetu, na ukipita viwandani utaona mabango ya usafi na mpangilio yamebandikwa ukutani vizuri sana. Lakini nenda kwenye mzizi wa kaizen yenyewe, kule Toyota, pale kwenye laini ya kuunganisha magari kuna kamba, mfanyakazi wa kawaida kabisa akiona kuna kasoro anaivuta, kiongozi wake anakuja haraka kumsaidia, na tatizo lisipoisha kwa muda uliopangwa laini inasimama mpaka litatuliwe. Yaani mtu wa chini kabisa ana ruhusa ya kusimamisha kiwanda na anaonekana kafanya kazi yake. Sisi tumechukua mabango, kamba tumeiacha, na kwakweli bila ile kamba mabango hayana maana yoyote, maana kaizen yote inategemea mtu kusema "hapa pana shida" bila kutetemeka.

Alafu hata sheria haiko upande wa hawa mabosi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki na mtu apate mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kutoka kazini na kurudi, sasa hizo meseji za saa nne usiku na voisi za saa kumi na moja alfajiri zinaingia wapi? Najua mameneja wanaoripoti moja kwa moja kwa wakubwa hawabanwi na kifungu hicho, lakini kijana wa stoo na mpakiaji wanahusika. Kanuni za utendaji bora za 2007 nazo zinataka mtu anayetuhumiwa kiasi cha kuweza kufukuzwa aambiwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, apewe angalau saa 48 za kujiandaa, na aje na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Huko kwenye magrupu mtu anashtakiwa, anahukumiwa na anaondolewa grupuni ndani ya dakika tano na ndio anajua kazi imeisha. Mwingine anaanza kuumwa anaambiwa apost ile ED ya hospitali, yaani karatasi ya daktari ya kupumzika, grupuni ili wote waione, wakati taarifa za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Na kama umenyanyaswa mpaka ukashindwa kabisa kuendelea ukaacha kazi, sheria inaweza kulihesabu hilo kuwa ni mwajiri kakuachisha, unaenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, ila uwe ndani ya siku 30, wengi wanachelewa kwa kutokujua.

Wazee wetu hili walishaliona zamani. Mwongozo wa TANU wa 1971 kifungu cha 15 ulikataza kiongozi kuwa na majivuno na kudharau na kuonea watu, na wafanyakazi wa viwanda vya Dar wakakishika kile kifungu wakawa wanawagomea mameneja wenye matusi, mpaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel wakakichukua kiwanda wenyewe. Sisemi turudi kwenye migomo. Nasema heshima kazini si kitu kilicholetwa na wazungu wa HR.

Najua mabosi watasema Wabongo bila kusukumwa hawaendi. Mimi kwa shifti yangu tunakutana asubuhi dakika chache kabla ya kuanza, nauliza jana nini kilikwamisha, mwenye kosa namuita pembeni tunaongea, akirudia naandika barua ya onyo anasaini, aliyefanya vizuri huyo ndio namtaja grupuni kwa jina. Na watu wanaenda. Tatizo ni kwamba mtu akiwa anauza vizuri kesho yake anapewa watu ishirini awaongoze bila hata semina ya siku moja, anaishia kuiga alivyogombezwa yeye.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, na vyama vingine vya wafanyakazi, mnapokaa na waajiri kujadili mikataba ya hali bora msiishie kwenye nyongeza ya mshahara na posho ya nyumba, wekeni na kipengele cha magrupu: kosa la mtu lisijadiliwe grupuni, ED zisipostiwe, na baada ya saa za kazi mtu asilazimishwe kujibu kama sio dharura. Na ATE, chama cha waajiri, wawaambie wanachama wao wakikubali hicho kipengele hawatalipa hata shilingi.

Supavaiza wa godauni,
Dar es Salaam